Kioo cha Gari la Wagonjwa

Jiwe lilitupata tukiwa tumebakiza kama maili mbili kuingia Kabuku. Ilikuwa asubuhi, tukitoka Korogwe kuchukua dawa, na mbele yetu kulikuwa na lori lililosheheni vitanda, vinu, matenga ya kuku, na watu waliokaa juu ya mizigo yao wakiwa kimya. Ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na malori ya namna hiyo tulikutana nayo kila siku. Dereva wetu alipotaka kulipita, tairi la nyuma likatema jiwe. Tulisikia ta! kama mtu aliyegonga kigae kwa nyundo. Dereva akapunguza mwendo, akasogea kando, akazima gari.

Wakati huo nilikuwa muuguzi msaidizi katika kituo kidogo cha afya upande wa Handeni, na gari hilo, Landrova ya wagonjwa, ndilo pekee tulilokuwa nalo kwa tarafa nzima. Landrova za siku zile zilikuwa na vioo viwili mbele, kimoja kwa dereva na kimoja kwa abiria, na nguzo nyembamba katikati. Jiwe lilikuwa limepiga kioo cha dereva, chini kabisa, karibu na nguzo. Lilikuwa limeacha kidonda kidogo kama punje ya mbaazi, chenye miguu mitatu myembamba iliyotambaa kila upande.

Dereva alikuwa mtu mzima, Mzigua wa huko huko Kabuku, mpole kuliko madereva wote niliowahi kupanda nao. Alishuka, akalamba kidole, akakinyoosha kuelekea kwenye kile kidonda.

"Mzee, usiguse!"

Akashtuka. "Nataka kuona kama kimetoboka hadi ndani."

"Ukigusa unatia mafuta ya mkono. Ukitia mate ndiyo umetia maji. Niachie mimi."

Nikafungua mkoba wa dawa, nikakata plasta, nikakifunika kidonda hapo hapo barabarani. Dereva akacheka mpaka akaegemea boneti. "Kumbe nalo linalazwa!"

Nami nilicheka, lakini nilijua ninachofanya, na hapo ndipo inaponipasa kumtaja baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa vioo, Korogwe ya zamani, si mbali na mto. Kabla ya Uhuru alikuwa akikata vioo vya madirisha ya nyumba za mameneja wa mkonge. Baada ya Uhuru akakata vya shule na ofisi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia futi na kumpangusia meza, kwa sababu kaka zangu walikuwa na haraka na baba alichukia haraka kuliko alivyochukia wizi. Magari yalipoanza kuletwa na vidonda vya mawe, alijaribu gundi hii na ile, akaharibu vingi, akalipa vingi, mpaka akajua. Hakufundishwa na mtu yeyote. Nalisema hili kwa sababu baadaye nilisikia watu wakisema mambo mengine.

Kupata kioo kipya kulikuwa shida ambayo vijana wa leo hawawezi kuielewa. Duka lilikuwa tupu. Ulitakiwa kuandika barua, barua iende Tanga, Tanga iulize Dar es Salaam, kibali kitoke, na kibali kikitoka kioo chenyewe hakipo. Nilijua gari la shule moja lililokaa juu ya mawe kutoka masika hadi masika mengine kwa kukosa kioo tu. Ufa ule wa punje ya mbaazi ukitambaa, nasi tungekaa juu ya mawe.

Safari iliyofuata ya Korogwe tulipitia kwa baba. Plasta ilikuwa bado imeshika. Baba wakati huo alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akiona watu kama vivuli. Alikuja mpaka kwenye gari akipapasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kilipopigwa, kilimwagika au kilisimama?"

"Kilisimama."

"Basi kina ngozi mbili. Kile cha ngozi moja kingemwagika chote mapajani mwa dereva, wala tusingekuwa na la kuzungumza. Kimeoshwa?"

"Hakijaoshwa."

"Liwekeni gari kivulini, mje mnywe chai. Kioo kikiwa cha moto hatukigusi."

Dereva alikuwa amepanga kurudi mchana ule ule. Aliniangalia, nami nikajifanya sioni. Tulikunywa chai, tukala mihogo, na kila baada ya muda baba alinituma nikaweke kiganja kwenye kioo. Nilipomwambia kimepoa kama mtungi, ndipo akanyanyuka.

Kazi niliifanya mimi, yeye akiwa amekaa kwenye kiti pembeni. Nilibandua plasta. Kwa ncha ya sindano nilitoa unga wa kioo uliokuwa umekwama, taratibu, bila kuchimba, maana ukichimba unaongeza miguu. Nikapitisha pamba yenye spiriti, nikaacha ikauke yenyewe. Nilitaka kupuliza, na baba akasikia nikivuta pumzi. "Usipulize! Pumzi ina maji." Gundi ilikuwa ile ya mirija miwili, ambayo kila mmoja peke yake haugandi, lakini ukichanganya inakuwa ngumu kama jiwe. Baba alikuwa ameibakiza kidogo ndani ya kopo na kuitunza kama dhahabu. Tuliizamisha mirija kwenye maji ya uvuguvugu ili gundi ilegee, nikaichanganya juu ya kigae.

Kisha nikatumia bomba la sindano lisilo na sindano. Mdomoni mwake nilivisha kipete cha mpira nilichokikata kwenye kizibo cha chupa ya dawa, ili likibanwa kwenye kioo lisipitishe hewa. Nikatia gundi, nikabana bomba juu ya kidonda, nikavuta. Ukivuta, hewa iliyojificha ndani ya ufa inatoka, unaona vipovu vikipanda kwenye gundi. Ukisukuma, gundi inaingia pale hewa ilipokuwa.

"Dereva," baba akaita, "wewe ingia ndani ya gari, utazame kwa ndani. Mguu wenye hewa unang'aa kama fedha. Ukijaa gundi, hauonekani tena. Tuambie."

Dereva akaingia, akasogeza uso. "Mguu mmoja umepotea," akasema. Nikavuta tena, nikangoja, nikasukuma, nikangoja. "Wa pili huo, umepotea." Mikono ilianza kuniuma. "Wa tatu bado unang'aa kwenye ncha."

"Rudia," baba akasema.

Nilirudia sijui mara ngapi. Mwishowe tulisikia dereva akipiga kelele huko ndani, "Wallahi umepotea! Hakuna kitu!" Nikafunika pale kwa kipande safi cha nailoni, nikakigandamiza ili hewa isirudi. Baba akasema gari lilale pale lilipo, lisisogezwe hata hatua moja mpaka kesho. Dereva hakunung'unika tena. Alikwenda kulala kwa ndugu zake. Asubuhi nilikwangua gundi iliyozidi kwa wembe nikiwa nimeulaza, na kilichobaki kilikuwa doa dogo kama tone la maji lililokauka. Ukipitisha ukucha, haukwami popote. Gari likarudi kwenye mashimo ya Handeni, likapigwa na jua na mvua, na ufa ule haukutambaa hata unywele.

Wakati wa kupeleka gari matengenezo, tulilipeleka kwenye karakana ya shirika moja la umma pale Korogwe, iliyokuwa ikihudumia magari mengi ya serikali. Msimamizi wa mafundi akaliona doa.

"Nani katengeneza hapa?"

"Nesi wetu," dereva akajibu.

Msimamizi alicheka. Kisha akapitisha ukucha, akaacha kucheka.

Tangu hapo, kila nilipokuwa na siku ya mapumziko, niliitwa karakana. Sikulalamika. Tuliambiwa kazi ni ya taifa, nami niliamini, na naamini mpaka leo kwamba kioo kilichopona kilikuwa ni gari moja zaidi barabarani. Lakini nilikuwa na masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyoleta ugomvi. Kidonda kikizidi ukubwa wa sarafu, nilikataa. Kikiwa mbele kabisa ya macho ya dereva, nilikataa, kwa sababu hata kikipona kinaacha doa, na doa mbele ya macho ni hatari jioni jua likishuka. Kikiwa kimeoshwa, nilikataa mpaka kikauke siku nzima kivulini. Ufa uliofika ukingoni nilikataa moja kwa moja. Nilikataa vingi kuliko nilivyokubali, na ndiyo maana nilivyokubali vilipona. Wao waliona kupona tu. Hawakuona kukataa.

Siku moja walikuja wageni kutoka mkoani kuangalia ubunifu wa wafanyakazi. Nilikuwepo, bomba langu likiwa mfukoni mwa gauni la kazi. Meneja wa usafirishaji wa shirika lile, mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi na mifuko minne, aliwazungusha wageni mpaka kwenye magari matatu niliyotengeneza mimi. Msimamizi wa mafundi akasimama mbele ya magari hayo akaeleza jinsi "karakana yetu" ilivyogundua njia ya kuokoa vioo. Aliieleza vibaya. Alisema gundi inasukumwa kwa dole gumba.

Nilisogea ili nisahihishe. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

Meneja akanigeukia. "Binti, hebu wasaidie kina mama kule jikoni, wageni wanangoja chai."

Nilimimina chai. Ndiyo, niliimimina. Nilipita katikati yao nikiwa na birika, nikimsikia msimamizi akipongezwa, akipigwa picha ameweka mkono juu ya boneti. Jioni ile nilipita kwa baba, naye akaniuliza, "Haya, wageni wamekupa nini?"

"Wamenipa birika," nikamwambia.

Baba hakucheka. Akasema, "Umefanya kosa kuondoka na bomba mfukoni. Ungeliweka mezani, waulize lile ni la nini." Nilijua amesema kweli, na hiyo ndiyo hasira ya kwanza, kwa sababu nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Miezi michache baadaye gari la meneja likapigwa jiwe. Nalo lilikuwa Landrova kama yetu, na kioo kilichopigwa kilikuwa cha dereva. Niliitwa kwa haraka, nikafika mchana jua likiwa utosini. Gari lilikuwa uwanjani, linamwagika maji, kwani dereva wake alikuwa ameliosha ili meneja alikute safi. Ufa ulikuwa umetoka kwenye kidonda ukaenda mpaka ukingoni, ukaingia chini ya mpira.

"Hiki hakiponi," nikasema.

Meneja alikuwa amesimama kivulini. "Cha gari la wagonjwa kilipona, changu hakiponi?"

"Ndugu meneja, kile kilikuwa na kidonda tu. Huu ni ufa uliofika ukingoni. Tena kimeoshwa, kina maji ndani, na kina moto. Nikitia gundi sasa hivi kitapasuka mikononi mwangu."

"Visingizio," akasema, akiwaangalia mafundi na si mimi. "Kuna watu wakijua kitu kidogo wanataka wabembelezwe. Hiyo ni kasumba."

Msimamizi akasema yeye atakitengeneza. Nilimwambia aache. Hakuacha, angeachaje, wakati ameshapigwa picha? Alichanganya gundi juani, ikaanza kuganda kabla hajaifikisha. Akaisukuma kwa dole gumba, kama alivyowaeleza wageni. Ufa ukakimbia kutoka ukingo hadi ukingo kama mjusi aliyeshtuliwa, na kioo kikawa vipande viwili.

Wiki ile ile ilisemwa kwamba mimi nimeficha ujuzi. Kwamba nina ubinafsi. Mtu mmoja alitumia hata neno hujuma, na siku zile neno hilo halikuwa la mchezo. Watu walilala rumande kwa neno hilo. Mkuu wangu wa kituo aliniita akaniuliza nimefanya nini Korogwe. Nikamwambia nimekataa kuharibu kioo. Alitikisa kichwa, akasema niache kwenda karakana, nishike kazi yangu. Nikashika kazi yangu.

Kisha gari letu likaenda matengenezo ya kawaida, likarudi halina kioo cha dereva.

"Wamesema kilikuwa na kasoro," dereva akaniambia. Alikuwa amejifunga kitambaa usoni, nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. "Wamesema tumewekwa kwenye orodha, kipya kikija tutaitwa."

"Kasoro gani?"

"Lile doa."

Sikuelewa. Nilidhani ni ujinga tu, au woga wa msimamizi isije ikajulikana kazi si yake. Tuliendesha hivyo hivyo. Mimi upande wangu nilikuwa na kioo, dereva upande wake alikuwa na upepo, vumbi na wadudu. Aliomba miwani ya kuchomelea vyuma, akaambiwa ni ya mafundi.

Ilipita kama wiki tatu. Tukapata habari ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu kwenye maboma ya wafugaji, kule kwenye nyika kavu, siku ya pili mtoto hajatoka. Tulifika saa nne asubuhi. Alikuwa msichana, mimba yake ya kwanza, na mama mkwe wake alikuwa amemshika kichwa. Nilimpima, nikaona mtoto amekaa vibaya, haiwezekani pale. Tulimlaza nyuma ya gari, mama mkwe akapanda naye, nami nikakaa sakafuni kati yao. Dereva akashika njia ya Korogwe.

Tulikuwa tumeshaingia barabara kubwa tulipopishana na lori. Nilisikia dereva akitoa sauti, si kelele, ni kama mtu aliyepigwa kifuani. Gari likayumba, tairi likaingia kwenye majani, likarudi barabarani.

"Mzee! Kuna nini?"

"Jicho," akasema. "Jiwe. Nyamaza, usinisemeshe."

"Simama nikuone!"

"Nikisimama sitaendesha tena. Mwangalie huyo."

Aliendesha mpaka Korogwe na jicho moja, damu ikimtiririka kwenye kola, akibana kitambaa kwa mkono wa kushoto na kuachia usukani kila alipobadilisha gia. Sijawahi kuona ushujaa kama ule, na nimeona watu wengi wakipewa nishani. Mama mkwe aliona damu, akavua shuka lake la begani akampa alitumie kubana jicho. Mtoto alitolewa kwa kupasuliwa, saa moja baada ya kufika, wa kike, mzima, na mama yake mzima. Dereva walimpeleka chumba kingine. Daktari alitoka akaniambia jicho halitaona tena.

Nilitoka nje nikanyooshe miguu. Nilikuwa na damu ya watu wawili kwenye gauni. Uwanjani, chini ya kivuli, kulikuwa na Landrova ya meneja. Alikuwa amekuja kumsalimia mgonjwa wake. Nilipita mbele yake nikielekea bombani kunawa, nikasimama. Kwenye kioo cha dereva, chini, karibu na nguzo, kulikuwa na doa kama tone la maji lililokauka.

Nilipitisha ukucha. Sikuhitaji, lakini nilipitisha.

Sikumtafuta meneja hapo hospitali. Namshukuru Mungu sikumtafuta, maana sijui ningefanya nini. Nilisubiri mkutano wa tawi la chama pale karakana, nikaomba nafasi ya kusema. Ukumbi ulijaa wafanyakazi. Mwenyekiti alikuwa mpasua magogo wa zamani, mtu wa haki, lakini mwenye kumwogopa meneja kama wengine wote. Nilisimama nikasema kioo cha gari la wagonjwa kimo kwenye gari la meneja.

Msimamizi akaruka. "Vioo vyote vinafanana! Atakijuaje?"

"Nakijua," nikasema. "Ndani ya lile doa kuna unyuzi wa pamba. Ulinasa siku niliyokitengeneza, nikauona asubuhi yake wakati wa kukwangua. Ni kosa langu, sikumwambia hata baba yangu, kwa aibu. Umepinda kama ndoana. Nendeni mkatazame."

Mwenyekiti alituma watu wawili. Tulikaa tukiwangoja. Waliporudi, mmoja wao akasema kwa sauti ndogo, "Upo. Kama ndoana."

Meneja hakukana. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hakuona haja ya kukana. Alisimama akaweka mikono kwenye mifuko ya suti yake. "Ndugu mwenyekiti, tusikuze mambo. Gari langu ni mali ya umma. Gari la wagonjwa ni mali ya umma. Kioo kimetoka kwa umma kimekwenda kwa umma. Nani ameiba?"

Watu walicheka. Si wote, lakini walicheka wa kutosha.

"Na jicho la dereva?" nikauliza. "Nalo limekwenda kwa umma? Wamelifunga kwenye gari gani?"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja wa stoo, aliyekuwa hajawahi kusema neno mkutanoni, alisimama akasema, "Kioo kirudi." Mwingine akasema, "Kirudi leo." Ikawa sauti ya ukumbi mzima, na mwenyekiti akapata ujasiri aliokuwa anaukosa. Akaamuru kirudi.

Mafundi walikwenda na bisibisi. Niliwazuia mlangoni. Nikawaambia hakuna mtu atakayekigusa isipokuwa mimi, nikaenda kwa baba nikachukua kabari zake za mbao. Nilipaka mpira maji ya sabuni, nikautoa kidogo kidogo, kona baada ya kona, kioo kikiwa kivulini. Nilitumia sehemu kubwa ya siku. Walinikodolea macho, na hakuna aliyeniagiza chai. Nilikirudisha kwenye gari letu bila kukwaruza hata ukingo.

Nikikwambia mambo yaliishia hapo kwa heri, nitakuwa nimekudanganya. Meneja alihamishwa, ndiyo, lakini alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, akafanyiwa karamu ya kuagwa na mbuzi wawili. Msimamizi alibaki na picha yake ukutani. Mimi niliandikiwa barua ya onyo kwa "lugha isiyofaa mbele ya viongozi", nikapelekwa zahanati ya Mashewa, mahali ambapo siku zile gari lilionekana kwa nadra. Nilifanya kazi huko miaka mingi, na watu wa Mashewa walinitunza vizuri, sina ugomvi nao. Baba alifariki nikiwa huko. Kabari zake ninazo.

Dereva aliachishwa kazi, kwa sababu mtu wa jicho moja haendeshi gari la wagonjwa. Hakupewa hata barua ya asante. Alirudi Kabuku akalima mahindi na ufuta. Kila mwaka, mavuno yakiisha, nilipanda basi kwenda kumsalimia, na mara mbili nilimkuta yule mama mkwe wa maboma amekuja kabla yangu, na kibuyu cha maziwa, akiwa na mjukuu wake, binti mwembamba mwenye aibu. Hakuna aliyewaagiza kuja. Walitembea.

Mara ya mwisho nilimkuta dereva amekaa kibarazani anapukuchua mahindi. Tulizungumza habari za mvua, za wajukuu, za bei ya ufuta. Kisha nikamwambia kwamba meneja yule nimesikia amestaafu, amejenga.

"Mwache ajenge," akasema.

"Hujawahi kumkasirikia?"

"Nilimkasirikia. Nikaona jicho halirudi, nikamsamehe." Akanigeuzia lile jicho lake zima. "Na wewe mwanangu, umsamehe. Utazeeka vibaya."

Nilimwambia nitajaribu, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na sikutaka kubishana naye nyumbani kwake. Nikamsaidia kupukuchua mpaka basi likaja. Yeye amekufa akiwa amesamehe, Mungu amrehemu. Mimi sijasamehe.